Saa Sita Asubuhi: Mbinu kwa Mwandishi wa Programu Anayetaka Kazi ya Uchaguzi

Ujumbe wa kwanza niliowahi kuwaandikia wapiga kura ulisema hivi: "Vituo vitafunguliwa saa 6 asubuhi na kufungwa saa 5 jioni." Niliujaribu kwanza kwa shangazi yangu, Kisauni, kwa kuwa ndiye mtu wa karibu niliyejua bado anatumia simu ya kabambe. Akausoma, akaniangalia juu ya miwani. "Baba, saa sita asubuhi ndiyo saa ngapi hiyo? Mimi saa sita naijua ya jua la utosi. Na saa tano jioni haipo."

Vituo vya kupigia kura Kenya hufunguliwa saa 12 alfajiri na kufungwa saa 11 jioni. Kompyuta ilikuwa imeniambia 06:00 na 17:00, nami nikaandika kama nilivyoambiwa. Laiti ujumbe ule ungetoka, kuna mtu angeamka kwa raha zake, akanywa chai, akafika kituoni adhuhuri na kukuta foleni imezunguka shule nzima.

Vijana wanaonitafuta wakitaka kuingia kazi hii huanza kwa kuuliza wajifunze lugha gani ya programu. Yoyote. Python itakufaa, JavaScript itakufaa, na PHP wanayoicheka watu ndiyo iliyoijenga ramani ya Ushahidi. Nisiloulizwa ni lile lililonichukua miaka kulielewa: kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni kumfikisha mtu mmoja mahali panapofaa, kwa saa inayofaa, akiwa na kitambulisho chake mkononi. Anayelifuatilia hilo kwa ukaidi wa mdai deni hakosi kazi. Anayefuatilia programu ya kupendeza hupata zawadi ya mashindano ya wikendi, na fulana.

(Hata jina la kazi lina utata. Wenzangu husema "tunaandika kodi". Nilimwambia shangazi hivyo siku moja, akawatangazia majirani kwamba nimeajiriwa KRA, mamlaka ya kodi.)

Tafuta tundu, kisha uliangalie tena

Miradi ya Kenya iliyodumu haikuanza na mipango mikubwa. Mzalendo ilianza mwaka 2005 kwa sababu Ory Okolloh na Conrad Akunga walitaka jambo la kawaida kabisa, kujua wabunge wanafanya nini bungeni, na habari hizo hazikuwa zikipatikana kwa urahisi. Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, katika siku za ghasia za baada ya uchaguzi. Ilikuwa ramani ya kupokea taarifa za wananchi juu ya yanayotokea mitaani kwao, na iliandikwa kwa siku chache. Mwishoni mwa 2012, tume ya uchaguzi, IEBC, ilipotoa orodha ya vituo vya kujiandikisha ndani ya faili nene ya PDF, vijana wa Code4Kenya waliifumua, wakaunda tovuti ndogo iitwayo GotToVote: chagua kaunti, chagua eneo bunge, ona vituo. Basi. Kazi hiyo iliwachukua kama siku moja, na baadaye ikachukuliwa na nchi nyingine za Afrika, Malawi ikiwemo.

Siku moja ya kuandika, lakini tundu lenyewe lilikuwa la kweli. Usije ukadhani kila tundu unaloliona ukiwa mezani kwako ni la kweli. Mwaka 2021, IEBC ilitarajia kusajili wapiga kura wapya milioni 6 katika mwezi mmoja wa usajili wa halaiki, ikapata kama milioni moja na nusu. Sisi watu wa kompyuta tukasema mara moja: watu hawajui vituo viko wapi, tuwachoree ramani. Nikaenda na ramani yangu kwenye stendi ya bodaboda. Kijana mmoja akaitazama simu yangu kwa adabu, akanirudishia. "Boss, kituo nakijua, ni hapo shuleni tu. Kitambulisho ndicho sina. Nimekiweka rehani kwa mwenye duka."

Programu yangu haikuwa na la kumsaidia. Nilikaa pale saa mbili nzima, na kati ya wanane niliozungumza nao, hakuna aliyehitaji ramani. Mmoja alikuwa amejiandikisha kwao Kitui na hakujua kwamba angeweza kuhamisha kituo. Wawili walisema kura haibadilishi kitu, na hapo nilinyamaza, maana hiyo haikuwa kazi ya programu. Aliyejiandikisha Kitui ndiye aliyenipa mradi: ukurasa mmoja tu wa kueleza namna ya kuhamisha kituo, uende wapi, ubebe nini. Kati ya yote niliyoandika mwaka ule, ukurasa huo ndio uliosomwa kuliko vyote, na haukuwa na hata mstari mmoja wa programu ndani yake.

Kwa hiyo kabla hujafungua kompyuta, chagua wadi moja. Kenya ina wadi 1,450, moja inakutosha. Nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge hilo, jitambulishe kwa karani, uulize watu huja na shida gani. Karani wa usajili anajua mengi kuliko ripoti yoyote utakayoisoma, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza. Chaguzi ndogo nazo ni shule. Tarehe 27 Novemba 2025 zilifanyika kwa siku moja sehemu mbalimbali za nchi, kutoka Magarini hadi Malava. Pale unajaribu kazi yako kwa watu halisi na tarehe halisi, na ukikosea hujaikosea nchi nzima.

Orodha ndiyo kazi

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapochoka na kukimbia, na anayebaki ndiye anayepata jina.

Katika uchaguzi wa 2022 Kenya ilikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura na wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya milioni 22. Orodha ya vituo hivyo utaipata kwa sura yoyote isipokuwa ile unayoitaka: PDF iliyochapishwa vizuri, PDF iliyopigwa picha ikiwa imepinda, jedwali ambalo jina la shule limevunjika mistari miwili na mstari wa pili umehamia kwa jirani. Programu ya bure iitwayo Tabula itakutolea majedwali kwenye PDF iliyochapishwa vizuri. Ile iliyopigwa picha utaisoma kwa macho, mkiwa wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuatilia kwa kidole. Hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Ukishapata jedwali lako, usilifungue kwa Excel bila kuiambia kwamba safu ya namba za utambulisho ni maandishi. Mombasa ni kaunti 001. Excel itaona namba, itanyoa sufuri na kukuachia 1. Kwa kaunti utaligundua kosa, lakini namba ya kituo ni ndefu, imeunganishwa na ya kaunti, ya eneo bunge na ya wadi. Sufuri za kila sehemu zikinyolewa kabla ya kuunganishwa, vituo viwili vya sehemu mbili za nchi vinaweza kuwa kimoja. Ni wiki mbili baadaye ndipo utaletewa malalamiko ya mtu wa Likoni aliyeelekezwa bara.

Wala usitambulishe kituo kwa jina. Shule za msingi ziitwazo St. Mary's, Township au Bondeni zimejaa nchi nzima. Jina ni la kumwonyesha mtu. Namba ndiyo ya kompyuta. Halafu ongeza kile ambacho orodha ya serikali haina na jirani anacho: "karibu na msikiti wa bati", "nyuma ya soko la samaki". Safu hiyo ya alama za mtaani hujazwa kwa miguu, na ndiyo iliyonipa kazi ya kwanza ya mshahara. Aliyeniajiri hakuuliza habari za shahada yangu. Aliuliza nani aliyejaza zile alama.

Orodha ikikosekana, iombe. Sheria ya Kenya ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 za kujibu ombi lako. Andika barua fupi, taja sheria, taja hasa unachotaka na kwa sura gani ("jedwali linalosomeka kwa kompyuta"), peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Ule muhuri ndio mwanzo wa siku 21. Nimeona watu wakituma barua pepe tatu za kubembeleza kwa miezi minne, na mwenzao mwenye nakala iliyogongwa muhuri akapata faili katika wiki ya tatu.

Na orodha ikishakamilika, usiijengee jumba. Mistari 46,229, kila mmoja herufi mia moja hivi, haifiki hata megabaiti 5. Igawe kwa maeneo bunge 290 na kila faili itabeba vituo kama 160, kilobaiti 16 tu. Hizo unaweza kuziweka kama kurasa tuli, bila hifadhidata na bila seva ya kukesha nayo. Wakenya tuna tabia yetu, tunaijua: kila kitu siku ya mwisho. Siku hiyo tovuti yenye hifadhidata ya kifahari huanguka saa nne asubuhi, na ile ya kurasa tuli hupita salama. Aliyenunua bando la bob ishirini naye atakushukuru.

Herufi 160

Mpiga kura wako wa kawaida hatafungua tovuti. Atapokea ujumbe au atabonyeza menyu ya USSD, kwa hiyo jifunze mipaka ya vyombo hivyo kama fundi anavyojua mbao zake. Skrini moja ya USSD huchukua herufi 182. Ujumbe mfupi huchukua 160. Ukipita hapo unakatwa vipande, na kila kipande hulipiwa.

Kuna mtego ambao ni wa kwetu hasa, sisi wa Kiswahili. Niliwahi kuandaa ujumbe wa herufi 142, nikafurahi kwamba umeingia kwenye kipande kimoja. Ankara ilipokuja ilikuwa mara tatu ya bajeti. Nilidhani nimeibiwa, kumbe ni ritifaa. Ndani ya ujumbe kulikuwa na neno "ng'ambo", na nilikuwa nimeunakili kutoka programu ya kuandikia barua, ambayo huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Ile iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za simu. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima huhamia mfumo mwingine ambao kipande kinachukua herufi 70, na ukiunganishwa kila kipande hubaki na 67. Herufi zangu 142 zikawa vipande vitatu. Tangu siku hiyo sitoi ujumbe bila mistari michache ya programu inayotafuta ritifaa zilizopinda, alama za nukuu zilizopinda na vikaragosi. Ukiwa na orodha yenye akina Ng'ang'a na Nyong'o, utajua kwa nini.

Kuhusu maneno, andika kama unavyomweleza mtu mlangoni. Kenya tunasema wadi na eneo bunge. Ukivuka Namanga kuingia Tanzania ni kata na jimbo, na wapiga kura wanaandikwa katika Daftari la Kudumu. Ukihamisha programu kutoka nchi moja hadi nyingine, mtafute mtu wa huko aisome yote kwa sauti.

Halafu kuna jambo zito zaidi ya herufi. Kabla ya uchaguzi wa 4 Machi 2013, watafiti Benjamin Marx, Vincent Pons na Tavneet Suri walishirikiana na IEBC kutuma jumbe fupi zipatazo milioni 11 kwa wapiga kura wa Kenya, za kuwahimiza na kuwaeleza. Waliojitokeza waliongezeka kidogo. Lakini baada ya uchaguzi, waliopata ujumbe waliiamini tume kwa kiwango cha chini kuliko wasioupata, hasa walio upande ulioshindwa na walio katika maeneo yaliyopata ghasia. Siku ya uchaguzi, vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura vilikwama vituo vingi, betri ziliisha katika shule zisizo na umeme, na watu wakarudi kwenye daftari la karatasi. Aliyekuwa ametumiwa ujumbe alikuwa ametarajia makubwa, na akavunjika moyo zaidi.

Ninapomfunza kijana kazi hii humwonyesha utafiti huo kabla ya kumwonyesha zana yoyote. Ujumbe wako ukisema "uchaguzi utakuwa wa haki na wa kisasa", umemwahidi mtu jambo lisilo mikononi mwako. Mwambie yaliyo mikononi mwako: kituo chako ni hiki, beba kitambulisho ulichojiandikishia, foleni hupangwa kwa herufi za majina, mashine ikikukataa usiondoke bali muulize afisa msimamizi kuhusu utaratibu wa akiba. Sentensi hiyo ya mwisho haimpendezi mfadhili hata mmoja. Ipiganie ibaki.

Ukigusa matokeo

Wengi wanataka kuanzia hapa, kwenye kuhesabu. Mimi ningekushauri uje huku ukiwa na uchaguzi mmoja nyuma yako.

Mwaka ule ule wa 2013, watu waliokesha mbele ya televisheni waliona kura zilizoharibika zikipanda hadi mamia ya maelfu. Tume ilieleza baadaye kwamba hitilafu ya programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Hebu mfikirie aliyeandika mstari ule. Kinga mojawapo ni hesabu ya darasa la nne: kura halali na zilizoharibika zikijumlishwa zisizidi waliosajiliwa katika kituo. Iweke kabla ya kuonyesha namba yoyote, na ikikataa, namba isionekane.

Jingine tulijifunza 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba. Namba zilikuwa zimeonekana kwenye tovuti ya tume kabla ya fomu zake. Mwaka 2022 tume iliweka picha za Fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, hadharani, na yeyote angeweza kuzipakua. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha, na kila kimoja kikawa na mshindi wake wa muda, kwa sababu kila kimoja kiliingiza fomu kwa mpangilio wake. Hakuna aliyedanganya, waliingiza Nyeri kwanza au Kisumu kwanza. Ukijenga jedwali la namna hiyo, andika juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko jina la mgombea, ni fomu ngapi zimeingizwa na kutoka kaunti zipi, na kila namba ibonyezeke ifungue picha ya fomu yake.

Vitambulisho vya watu

Utashawishika kukusanya namba za vitambulisho ili "umhudumie mtu vizuri zaidi". Usikusanye. Mhudumie kwa wadi yake, umwelekeze kwenye huduma rasmi ya tume akitaka kujihakiki. Usidanganywe na anayesema tutazificha kwa hashi. Namba ya kitambulisho cha Kenya kwa miaka mingi haikuzidi tarakimu 8. Namba za urefu huo hazizidi milioni 100, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzipitisha zote kwenye hashi kwa muda mfupi na kukupata. Wakenya hawajasahau Juni 2021, walipoingia eCitizen na kukuta wameandikishwa vyama vya siasa bila kujua. Tangu 2019 kuna Sheria ya Ulinzi wa Data, nayo haicheki.

Na wewe mwenyewe jilinde. Mei 2025 mwanamke mmoja wa Nairobi, mwandishi wa programu kama wewe, alikamatwa kwa kuunda tovuti iliyowasaidia wananchi kutuma barua pepe ya kuupinga Mswada wa Fedha. Akalala korokoroni siku kadhaa, akashtakiwa kwa sheria ya uhalifu wa mitandao, na Juni mahakama ikaitupa kesi ikisema shtaka halikuonyesha kosa lolote. Haki alipata, lakini baada ya usiku ule wote. Na mwaka 2017, siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando, meneja wa teknolojia wa IEBC, aliuawa. Sisemi haya ili kukutisha. Nasema uwe na namba ya wakili umeikariri kichwani, kwa sababu simu ndiyo hunyang'anywa kwanza. Sajili kampuni au fanya kazi chini ya shirika lililosajiliwa. Weka programu yako wazi isomwe na yeyote. Kama unawawezesha watu kumwandikia mbunge, barua ifunguke kwenye programu ya barua ya mwananchi mwenyewe na aitume kwa mkono wake. Isipite kwenye seva yako. Na asiwepo mtu mmoja mwenye nywila zote, hata awe mwaminifu kama msahafu.

Na mshahara?

Pesa za kazi hii huja kama mvua za kaskazini: mwaka wa uchaguzi mafuriko, miaka mitatu ukame. Uchaguzi mkuu ujao ni 10 Agosti 2027, na ukiwa unatafuta kazi mwanzoni mwa mwaka huo umeshachelewa. Timu huundwa mwaka mmoja au miwili kabla. Mimi huishi kwa kazi mbili. Ya kudumu ni mifumo ya malipo, ambayo hunifunza USSD na kukesha na seva kwa gharama ya mwajiri. Ya pili ni hii. Sioni aibu, na wengi ninaowaheshimu wanaishi hivyo.

Ukitaka ajira kamili, mashirika yapo: Ushahidi, Mzalendo na Code for Africa huku kwetu, Pollicy Kampala, na Twaweza, ambao mradi wao wa Sauti za Wananchi umekuwa ukiwahoji Watanzania kwa simu tangu 2013. Barua yako ya maombi isiwe na sifa. Iwe na kiungo kimoja cha kitu kinachofanya kazi, na aya moja ya kueleza kilivyowahi kuharibika na ulivyokitengeneza. Ushahidi ni programu huria. Kuisahihisha tafsiri yake ya Kiswahili ni njia ya kuingia mlangoni ambayo wachache huitumia.

Wagombea nao watakuja. Kumfanyia kazi mgombea si dhambi, ila usichanganye katika msimu mmoja kazi ya umma na ya mgombea. Mji huu ni mdogo na jina lako litafika kabla yako. Na uchukue nusu ya malipo mkononi kabla ya kuanza. Aliyeshindwa halipi, aliyeshinda hapokei simu.

Wiki mbili za mwisho kabla ya uchaguzi, usiguse programu. Sahihisha maandishi tu. Kila uzuri unaotaka kuongeza siku ya Ijumaa kabla ya Jumanne ya kura ni msiba unaoujengea nyumba.

Kisha uchaguzi huisha, wafadhili huondoka, na tovuti hubaki. Nimewahi kufungua kiungo cha mradi wangu wa zamani, kilichokuwa kimechapishwa kwenye vipeperushi na kubandikwa kwenye kuta za shule, nikakuta ukurasa wa kamari. Hatukulipia anwani mwaka wa tatu, na aliyeiona imelala akaiokota. Vipeperushi bado vilikuwa ukutani. Siku hizi, kabla sijaandika mstari wa kwanza, hulipia anwani miaka 5 kwa mkupuo, fedha ikiwa ingalipo, na risiti namwachia shangazi Kisauni. Huiweka kwenye kasha la hati ya nyumba, na ikikaribia tarehe hunipigia mwenyewe.